Mwaka mmoja baada ya Goma kuanguka: mikataba mingi, uwanja wa ndege umefungwa

Tarehe 27 mwezi huu wa Januari 2026, mji wetu umetimiza mwaka mmoja tangu AFC/M23 waingie Goma. Hatuandiki kwa ajili ya kuadhimisha. Tunaandika kwa sababu waamini wanatuuliza swali lile lile wakitoka ibadani: tumeombea mazungumzo ya Luanda, tukaombea ya Nairobi, tukaombea ya Doha, tukaombea ya Washington. Sasa tunaombea lipi, na mbona bei ya unga haijui kama amani imetiwa sahihi?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake halipatikani kwa kusikiliza redio tu. Kila upande una redio yake. Tutajaribu kueleza mambo yalivyo, tukijua kwamba tunaandika kutoka mahali ambapo mtu hupima maneno yake mara mbili kabla ya kuyasema.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kuna meza mbili. Watu wengi wanazichanganya, hata wachungaji.

Meza ya Washington ni ya dola na dola: Kongo na Rwanda. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner wa Kongo na Olivier Nduhungirehe wa Rwanda, walitia sahihi mkataba mbele ya Marco Rubio. Tarehe 4 Desemba marais wenyewe, Tshisekedi na Kagame, walikaa karibu na Donald Trump wakauthibitisha. Mkataba huo una mizani miwili: upande mmoja Kongo iwamalize FDLR, upande wa pili Rwanda iondoe kile inachokiita hatua zake za kujilinda. Pembeni kuna mpango wa biashara ya pamoja, na hapo ndipo madini yanapoingia.

Meza ya Doha ni ya serikali ya Kinshasa na AFC/M23. Qatar ndiyo mwenyeji. Tarehe 19 Julai 2025 walitia sahihi tamko la kanuni, wakajipa hadi tarehe 18 Agosti kuwa na mkataba kamili. Tarehe hiyo ikapita. Septemba wakakubaliana namna ya kubadilishana wafungwa kwa njia ya Msalaba Mwekundu, Oktoba wakakubaliana chombo cha kusimamia usimamishaji wa vita, na tarehe 15 Novemba wakatia sahihi kile kilichoitwa mkataba wa mfumo. Jina lenyewe linasema kweli. Mfumo ni kama nguzo za nyumba: zimesimama, lakini hakuna bati wala ukuta, na mvua ikinyesha unalowa kama kawaida. Ndani yake kuna itifaki nane. Mbili ndizo zilikuwa zimekubaliwa siku ile. Zilizobaki zinahusu mambo ambayo ndiyo vita yenyewe: nani atatawala maeneo haya, wapiganaji watakwenda wapi, wakimbizi walio nje watarudi vipi na nani atathibitisha kuwa ni Wakongo, haki ya waliouawa itatafutwa wapi. Na itifaki moja inahusu njia ya misaada. Hiyo tutairudia.

Shida ya meza mbili ni kwamba kila moja inaingoja nyingine. Rwanda inasema haiwezi kulegeza ulinzi wake kama FDLR bado wako. Kinshasa inasema haiwezi kuwafuata FDLR katika maeneo ambayo haiyashiki. M23 wanasema yaliyoandikwa Washington si yao, wao wako Doha. Kwa hiyo kila mmoja ana sababu nzuri ya kungoja, na sababu zote zinakutana juu ya kichwa cha mama wa Sake.

Wale waliotaka ushahidi waliupata haraka. Rais wetu na rais wa jirani walitia sahihi tarehe 4 Desemba. Tarehe 10 Desemba M23 walikuwa Uvira. Makumi ya maelfu ya ndugu zetu wa Kivu ya Kusini walivuka kuingia Burundi katika siku chache, wengine kwa mara ya pili mwaka huo huo. Baada ya Marekani kukasirika, M23 walitangaza kuondoka, na katikati ya Januari hii ndipo mji ulipoachwa. Tuseme wazi jambo ambalo wengine hawapendi kulisikia: shinikizo lilifanya kazi. Uvira inaonyesha kwamba mwenye nguvu akisema kwa sauti moja na kwa haraka, jeshi linaweza kurudi nyuma bila vita vya mtaa kwa mtaa. Lakini inaonyesha pia kwamba sauti hiyo haikusikika namna ile kwa ajili ya Goma, wala Bukavu, uliochukuliwa katikati ya Februari 2025. Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2773 tarehe 21 Februari 2025, bila nchi hata moja kupinga. Lilidai M23 waondoke na jeshi la Rwanda liache kuwasaidia na litoke Kongo. Karibu mwaka mzima umepita.

Wazee wa Goma hawashangai. Mji wetu umetajwa katika mikataba kuliko miji mingi ya Afrika. Tarehe 23 Januari 2008, baada ya mkutano mkubwa uliofanyika hapa hapa, vikundi vya silaha vilitia sahihi ahadi za kuacha vita. Kabla mwaka haujaisha, vita vilikuwa vimerudi hadi karibu na mlango wa mji. Tarehe 23 Machi 2009 serikali na CNDP wakatia sahihi tena, hapa Goma. Ni kutoka tarehe hiyo M23 walichukua jina lao, wakidai kwamba yale yaliyoandikwa siku ile hayakutimizwa. Watoto wetu wa shule wanalitamka jina hilo kila siku bila kujua kwamba ni jina la mkataba wa amani. Wakachukua mji Novemba 2012, wakatoka Desemba mosi. Februari 2013 nchi kumi na moja zikatia sahihi Addis Ababa. Desemba mwaka huo yakaja matamko ya Nairobi. Kisha kimya, kisha Bunagana mwaka 2022, na yaliyobaki tumeyaishi.

Tunayakumbusha haya si kwa kuwakatisha tamaa watu. Kila mkataba katika hiyo yote ulizungumza vizuri juu ya askari: waingizwe wapi, wapewe vyeo gani. Kuhusu raia, uliweka aya moja karibu na mwisho, nayo haikuwa na tarehe wala mtu wa kuulizwa. Ndiyo maana safari hii tunatazama itifaki ya misaada kwanza, kabla ya zile za madaraka. Wasomaji wetu wanamjua Yeremia na lawama yake kwa manabii wa amani ya mdomo.

Basi tuongee juu ya uwanja wa ndege.

Uwanja wa Goma umepatwa na mengi. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya ndege. Lakini lava ilipopoa watu waliijia kwa nyundo, maisha yakaendelea. Tangu mapigano ya Januari 2025 umefungwa, na safari hii kinachouzuia zaidi si uharibifu, ingawa upo. Kinachouzuia ni swali la nani atasema ndege itue. Anga ni ya serikali ya Kinshasa. Ardhi iko mikononi mwa M23. Ruhusa ya mmoja bila mwingine haifai kitu.

Tarehe 30 Oktoba 2025 huko Paris, Rais Emmanuel Macron alikusanya nchi na mashirika kwa ajili ya eneo la Maziwa Makuu. Zilitangazwa ahadi za zaidi ya euro bilioni 1.5, na alisema uwanja wa Goma utafunguliwa kwa ndege za misaada katika majuma yanayofuata. Kinshasa ikaeleza kwamba ni kwa ndege ndogo za misaada. M23 wakajibu kwamba hakuna aliyewauliza, na kwamba waliosema hayo hawaijui hali ya mji. Majuma yakawa miezi. Hatuwatetei M23 hapa. Mtu anayeshika mji ana wajibu kwa watu wa mji huo, awe amealikwa Paris au hakualikwa. Lakini ni lazima tuseme pia kwamba kutangaza kufunguliwa kwa mlango bila kuongea na aliyeshika ufunguo ni kutangaza habari, si kufungua mlango.

Wakati huo, dawa na chakula vinapita wapi? Sehemu kubwa ya misaada ya Goma inashuka Kigali, inapanda barabara hadi Gisenyi, inavuka mpaka. Kila mtu aone mwenyewe uchungu uliomo. Kinshasa inaona aibu ya enzi yake. Mashirika yanaona gharama inaongezeka. Na mgonjwa haoni chochote kwa sababu sanduku lake bado liko mpakani. Hospitali ya CBCA Ndosho, ambayo ni ya jumuiya dada yetu ya Wabaptisti, ilipokea majeruhi mwaka jana kupita uwezo wake, madaktari wakifanya kazi pamoja na wapasuaji wa Msalaba Mwekundu. Hospitali ya namna hiyo haihitaji hotuba. Inahitaji damu, dawa ya usingizi na mafuta ya jenereta, na vitu hivyo vitatu vyote havipendi kungoja barabarani.

Benki ni hadithi ya namna ile ile. Zilifungwa Januari 2025 na hazijafunguliwa. M23 walifungua tena CADECO Aprili mwaka jana, lakini benki bila mawasiliano na Benki Kuu ni kaunta tu. Mwalimu akipata mshahara, anaupata kwa simu. Akitaka pesa mkononi, anamlipa anayezitoa, na sehemu ya mshahara inabaki pale kwenye kibanda. Wenye uwezo wanavuka Grande Barrière kuchukua dola zao Gisenyi. Makanisa yetu yanalijua hili vizuri kuliko wachumi, kwa sababu tunaliona katika sadaka. Watu hawajaacha kutoa; wanaleta maharagi, wanaleta makala. Mashirika ya misaada pia yanakwama hapo hapo, maana siku hizi misaada mingi hutolewa kwa pesa taslimu ili familia ijinunulie, na pesa taslimu ndiyo isiyopatikana.

Na kambi? Kabla ya Januari 2025 mamia ya maelfu ya watu walikuwa wakiishi chini ya turubai pembeni ya mji: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo, Mugunga. Tarehe 9 Februari waliambiwa wana saa 72 kuondoka. Leo mgeni akipita Bulengo anaona mawe ya lava na mabaki ya vibanda, anaweza kudhani tatizo limekwisha. Halikwisha, liliingia majumbani. Waliorudi Masisi na Rutshuru wengi walikuta nyumba haina bati na shamba lina mabomu yasiyolipuka. Waliobaki mjini wako kwa shangazi, kwa mjomba, katika vyumba vya shule ya Jumapili. Hawahesabiwi kama wakimbizi kwa sababu hakuna kambi ya kuwahesabia.

Hapo ndipo pesa inapoingia. Mwaka 2024 Marekani peke yake ilitoa karibu asilimia 70 ya misaada ya kibinadamu ya Kongo. Mwaka 2025 ikaikata, katika majuma yale yale Goma ilipokuwa ikizika wafu wake. Umoja wa Mataifa uliomba dola bilioni 2.54 kwa ajili ya Kongo mwaka huo, haukupata hata nusu. Wakati huo huo makadirio ya njaa yalionyesha zaidi ya watu milioni 27 katika nchi yetu hawana chakula cha kutosha. Kwa hiyo nchi inayoongoza meza ya amani ndiyo ile ile iliyopunguza mkate. Hatusemi haya kwa chuki; wengi wetu tumesomeshwa na pesa za waamini wa Marekani. Ila mpatanishi anayetaka kuaminiwa na watu wa Masisi akumbuke kwamba wao walimjua kwanza kwa maandishi yaliyokuwa juu ya mfuko wa unga, na mfuko huo hauji tena.

Je, misaada inaweza kutenganishwa na ugomvi wa madaraka? Wengi wanasema haiwezekani. Sisi tunasema ilikwisha kufanyika, na ilifanyika hapa. Tangu mji uanguke, askari wa serikali na polisi waliokuwa wamenyang'anywa silaha walikaa na jamaa zao katika vituo vya MONUSCO hapa Goma, miezi mitatu. Tarehe 30 Aprili 2025 Msalaba Mwekundu ulianza kuwasindikiza kwa magari, mamia kwa mamia, hadi Kinshasa. Walivuka mstari wa vita. Hakuna aliyeuliza bendera ya nani inapepea juu ya barabara. Pande zote nne, yaani Kinshasa, M23, MONUSCO na Msalaba Mwekundu wenyewe, zilikubali jambo moja dogo lenye tarehe. Kama iliwezekana kwa askari, ambao ndio wenye kurudi kupigana, kwa nini isiwezekane kwa ndege ndogo iliyobeba damu? Chombo kisichokuwa cha upande wowote kisimamie saa chache za mchana, mizigo ikaguliwe na wote wawili, na karatasi iseme wazi kwamba ruhusa hiyo haimpi mtu haki ya enzi. Kazi hiyo haihitaji itifaki zote nane zikamilike.

Kuna hatari, na tusiifiche. Kinshasa inaogopa kwamba kila mlango unaofunguliwa kwa mkono wa M23 unawazoeza watu kuiona serikali nyingine. Woga huo si upumbavu. Nchi imewahi kugawanyika kutoka mwaka 1998 hadi 2003, na waliokuwa Goma wakati wa RCD wanakumbuka jinsi mambo ya muda yanavyokaa. Lakini mwaka mmoja wa kufunga haujamwondoa M23 hata kilometa moja. Umemwondoa mwalimu, daktari na mfanyabiashara. Hilo ndilo tunaloomba wakubwa wa Kinshasa walipime.

Ndugu zetu wa Beni, Lubero na Ituri watatuuliza: na sisi je? Wana haki. ADF hawako Doha wala Washington. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 waliua waamini zaidi ya arobaini Komanda, waliokuwa wakikesha katika sala katika kanisa Katoliki. Septemba wakawaua waombolezaji huko Ntoyo, Lubero. Siku hizo magazeti ya dunia yalikuwa yakiandika juu ya maendeleo ya Doha. Kila kikosi kinachohamishwa kwenda kumkabili M23 kinaacha kijiji kingine wazi, na wauaji wanajua kalenda ya wanadiplomasia kuliko sisi. Wazalendo nao ni swali ambalo halijajibiwa: wamesifiwa kama watetezi, wamepewa silaha, lakini siku ya kunyamazisha bunduki nani atawaambia warudi shambani, na kwa mshahara gani?

Inabaki sehemu ya makanisa. Januari 2025 ECC na Baraza la Maaskofu Katoliki, CENCO, walianzisha pamoja Mapatano ya Kijamii kwa ajili ya Amani na Kuishi Vema Pamoja. Tarehe 12 Februari, mji ukiwa bado unanuka baruti, wajumbe wao walifika Goma wakaongea na Corneille Nangaa na wenzake. Kisha wakaenda Kigali kwa Kagame. Kinshasa, baadhi ya wanasiasa waliwatukana, kana kwamba kumsikiliza mtu ni kumbariki. Hata katika jumuiya zetu wapo waliokasirika, na tunawaelewa; aliyezika mtoto juma lile hakutaka kuona mchungaji akipeana mkono na mwenye bunduki. Bado tunaona walifanya vizuri kuja. Ndio waliokuwa wa kwanza kutoka mji mkuu kutuona, na walituona kabla hatujawa ajenda ya mtu mwingine.

Tunalowadai ni jambo lingine. Mapatano yao yanazungumza juu ya mazungumzo ya Wakongo wote, na serikali inasisitiza kwamba mazungumzo hayo yawe chini ya taasisi za Jamhuri. Mvutano wa nani ataitisha umekula mwaka. Wakati wanaendelea kuvutana, ECC ina kitu ambacho Doha hawana wala Paris hawana: parokia katika kila kilima, upande huu wa mstari na upande ule. Parokia inajua nyumba zipi zimepokea watu, wangapi, kutoka kijiji gani, na nani alijaribu kurudi akashindwa. Hesabu hiyo haijaandikwa mahali popote.

Kwa hiyo tunaziomba parokia za Kivu ya Kaskazini, kuanzia mwezi wa Februari, ziandike katika daftari moja tu: idadi ya nyumba zilizopokea, idadi ya waliopokelewa, mahali walipotoka, na kinachowazuia kurudi. Msiandike majina ya watu, kwa usalama wao, wala kabila. Mashemasi na akina mama wa ushirika wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa majuma mawili. Daftari zipelekwe ofisi ya jumuiya, na jumuiya izipeleke kwa wajumbe wa ECC. Kikao kijacho kitakapofungua itifaki ya misaada, wajumbe wetu wawe na kitu cha kuweka mezani.